Kabla hujaandika "Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa"

Wateja wangu wengi wanaokuja kuchapiwa barua huanza na anwani ya juu kabisa. Mtaro umeziba: Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa. Jirani kasogeza ukuta hadi kwenye njia: Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa. Mtoto hajapata cheti cha kuzaliwa na mtihani unakaribia: huko huko. Siwalaumu. Mtu akishazungushwa anataka asikilizwe na mkubwa, na hapa Mwanza mkubwa anajulikana, gari lake lina bendera na sura yake tunaiona kwenye taarifa ya habari. Ila baada ya miaka yote hii ya kuchapa barua za watu nina jambo moja nalisema kwa kila anayekaa kwenye benchi langu: barua ikielekezwa kwa asiye na fungu la kazi hiyo, italala. Haitakataliwa, italala tu kwenye jalada, nawe utakuwa unaamini serikali imekupuuza kumbe aliyepaswa kuisoma hakuiona.

Steshenari yangu ipo katikati ya mji, si mbali na Soko Kuu. Fotokopi, picha za pasipoti, kujaza fomu mtandaoni, na barua. Nimekaa jirani na ofisi nyingi, kwa hiyo wanaotoka huko wakiwa wameambiwa "kaandike barua" hupitia kwangu. Ninayoyaandika leo nimeyapata hapo, kwa kusikiliza, kwa kusoma majibu wanayorudi nayo, na kwa kuuliza maofisa wenyewe wanapokuja kutoa nakala.

Swali langu la kwanza huwa: unakaa Nyamagana au Ilemela? Nusu ya watu hunijibu "Mwanza mjini". Basi tunaanzia hapo. Mji huu tunaouita Mwanza una halmashauri mbili. Ulipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na mwaka 2012 Ilemela ikatengwa ikawa manispaa yenye mkurugenzi wake, meya wake na baraza lake la madiwani. Jiji la Mwanza lililobaki ni Nyamagana, kata 18. Ilemela ina kata 19. Sasa angalia mambo yalivyo: uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela. Uwanja wa CCM Kirumba uko Ilemela. Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa linalojulikana hadi Congo, liko Ilemela. Stendi ya Nyegezi ni ya Jiji, stendi ya Nyamhongolo ni ya Manispaa. Ukipanda daladala ya kutoka Buhongwa kwenda Airport unavuka mpaka wa serikali mbili na konda hakutangazii.

Kwa mtu wa kawaida mpaka huo unaonekana siku ya shida. Nina mteja anayeuza vitenge mjini na amejenga Nyasaka. Leseni yake ya biashara inatoka Jiji. Kibali chake cha ujenzi kinatoka Manispaa, na ofisi za Manispaa ziko Buswelu. Alikuja akiwa na barua moja ya mambo yote mawili kwa mkurugenzi mmoja. Nikamwambia, mama, hizi ni barua mbili, kwa wakurugenzi wawili, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwamuru mwenzake.

Halafu juu ya hizo halmashauri mbili kuna wilaya mbili, zenye majina yale yale na mipaka ile ile, Nyamagana na Ilemela, kila moja na Mkuu wa Wilaya, yaani DC. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi si ngazi moja ya mstari mmoja. DC ni mwakilishi wa Rais na wa Serikali Kuu wilayani: ulinzi na usalama, usimamizi, kusuluhisha panapowaka moto. Hakusanyi ushuru wa soko, hana bajeti ya kujenga zahanati yako. Mwenye kazi hizo ni halmashauri, na mtendaji wake mkuu ni mkurugenzi. Mkurugenzi naye anateuliwa na Rais, lakini bajeti anayoitumia inapitishwa na baraza la madiwani, watu tuliowapigia kura. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake miongoni mwao. Kwa hiyo ndani ya jengo moja la halmashauri kuna aliyeletwa kutoka juu na kuna waliopandishwa na sisi kutoka chini, na wanatakiwa wafanye kazi pamoja.

Mkoa uko juu ya wote. Mkoa wa Mwanza una wilaya saba na halmashauri nane, kwa sababu wilaya ya Sengerema ina halmashauri mbili, Sengerema yenyewe na Buchosa. Sensa ya 2022 ilituhesabu takribani milioni 3.7 mkoa mzima, na zaidi ya milioni moja kati yetu tunaishi Nyamagana na Ilemela. Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa. Kuna Mkuu wa Mkoa, kuna Katibu Tawala wa Mkoa na sekretarieti yake, ambayo tangu sheria ya 1997 kazi yake ni kuzishauri na kuzisimamia halmashauri, si kufanya kazi badala yao. Kuna pia Kamati ya Ushauri ya Mkoa, wanapokaa wakuu wa wilaya, wabunge, mameya na wenyeviti wa halmashauri, na jina lake linasema kazi yake: inashauri. Ukipeleka lalamiko la mtaro kwa Mkuu wa Mkoa, kwa kawaida litaandikiwa dokezo na kushushwa kwa Mkurugenzi au kwa Mkuu wa Wilaya. Umezunguka njia ndefu ili ufike mahali ambapo ungeweza kufika kwa miguu.

Baba yangu alikuwa bwana afya. Wale wanaopita na daftari kukagua vyoo, migahawa na machinjio. Alianza kazi miaka ya sitini chini ya halmashauri ya mji, na alikuwa akituambia kwamba kazi yake haikubadilika hata siku moja, ila mwajiri alibadilika mara nyingi. Mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, kazi zao zikahamia kwa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kusogeza maamuzi ya Dar es Salaam karibu na wananchi. Kilichotokea mijini ni kwamba hakukuwa tena na chombo ambacho mji ni kazi yake ya kwanza. Maji taka, barabara za mitaa, uzoaji wa taka, vyote vikawa vinasubiri zamu yao kwenye mipango ya mkoa ambao una vijiji vyake vya pamba na mifugo vya kuangalia. Baba alikuwa akitaja mitaro ile kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyeona mali yake ikiharibika. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, Mwanza ikiwemo, na 1980 tukawa manispaa. Vijijini walisubiri zaidi: sheria zilitungwa 1982, halmashauri zao zikaanza kazi 1984.

Nalitaja hilo kwa sababu nasikia vijana wakisema afadhali mkoa uchukue kila kitu, mambo yaende haraka. Tulishajaribu. Miaka ile ilitosha kuonyesha kwamba mji unataka wenyewe wake.

Lakini sasa turudi kwenye mtaa, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Mwenyekiti wa mtaa unamchagua kwa kura. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Yeye na kamati yake wanakaa na Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Juu yao iko kata: diwani uliyemchagua, na Mtendaji wa Kata, mwajiriwa pia. Kati ya kata na wilaya kuna Afisa Tarafa, ambaye yuko upande wa Serikali Kuu, chini ya DC. Watu wa mjini wengi hawajawahi kumwona. Na balozi wa nyumba kumi, kwa wanaouliza, ni wa chama, si wa serikali, japo bibi zetu bado wanampelekea kesi za kuku.

Angalia kazi zinazopita mtaani. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya benki, mwenyekiti au mtendaji. Fomu ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, muhuri wa mtaa. Dhamana polisi, barua ya mtaa. Kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kinaanza kutambuliwa mtaani, kisha kata, ndipo halmashauri. Mgeni anayetaka kununua kiwanja anapelekwa kwa mwenyekiti kuuliza kama kina mgogoro. Msiba, mwizi, mtoto aliyepotea, bomba lililopasuka, mlevi anayepiga muziki usiku kucha. Saa nne usiku hakuna anayempigia simu Katibu Tawala wa Mkoa. Anapigiwa mwenyekiti.

Na huyo mwenyekiti hana mshahara. Anapata posho, pale halmashauri inapoweza. Ofisi yake mara nyingi ni chumba cha kupanga, meza moja, mabenchi, na kabati la mafaili ambalo ukilifungua unaliegemeza kwa goti. Naijua ofisi ya mtaa mmoja ambako makaratasi huletwa kwangu nitoe nakala kwa sababu hawana hata mashine ya fotokopi, na mtendaji, binti mdogo mwenye shahada, huja na flashi ameifunga kwenye kamba ya shingoni isipotee, maana ina kumbukumbu za mtaa mzima.

Tofauti ya mtaa na kijiji watu hawaielewi, nayo ni kubwa. Wateja wangu wengi wametoka Misungwi, Kwimba, Magu. Kule kwao walizoea serikali ya kijiji yenye nguvu. Halmashauri ya kijiji inatambulika kisheria kama chombo kamili: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasimamia ardhi ya kijiji na mkutano mkuu unaidhinisha. Wakifika mjini wanadhani mwenyekiti wa mtaa ni yule yule. Siye. Mtaa hauna hadhi hiyo. Hauna ushuru wake, haugawi ardhi, hautungi sheria. Ardhi ya mjini inasimamiwa kwa sheria nyingine, na hati inasainiwa na watu wa Kamishna wa Ardhi. Hata Katiba yetu, ibara ya 145, inaposema vyombo vya serikali za mitaa vitakuwepo, inataja mkoa, wilaya, mji na kijiji. Ibara inayofuata inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sisi wa mjini tunakutana na madaraka hayo kwenye chumba cha kupanga ambacho hakina bajeti.

Mzee mmoja wa kule juu milimani, kwenye nyumba zilizojengwa kati ya majabali, alinibishia sana juu ya hili. Alinunua kipande cha ardhi kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa mtaa, akaamini ana hati. "Mwanangu," akaniambia, "muhuri wa serikali ni muhuri wa serikali." Nikamweleza taratibu kwamba muhuri ule unathibitisha kuwa mwenyekiti alishuhudia mkiuziana, hautoi umiliki. Alinyamaza kidogo, akaniuliza aanzie wapi. Tukaandika barua kwa mkurugenzi kuulizia urasimishaji wa makazi, kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Mambo ya ardhi yanauma, na watu waambiwe mapema. Siku hizi hata Baraza la Kata haliamui tena kesi ya ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimeona watu wakikaa kata mwaka mzima wakisubiri hukumu ambayo kata haina mamlaka ya kuitoa.

Kisha kuna taasisi ambazo haziko kwenye mstari wowote kati ya hiyo. Hapa ndipo barua nyingi hupotea.

Mfano mzuri ni Mto Mirongo. Unashuka kwenye vilima, unapita Mabatini, unakatiza mjini karibu na soko na kuingia ziwani. Mvua za masika zikikolea, watu wa Mabatini hawalali. Sasa jiulize mto ule ni wa nani. Taka zilizotupwa ndani yake ni kazi ya halmashauri, kwa sababu usafi wa mji ni wake. Bomba la maji taka linalopita kando ni la MWAUWASA, mamlaka ya maji, ambayo iko chini ya Wizara ya Maji na inahudumia Nyamagana na Ilemela kwa pamoja bila kujali mpaka. Daraja likiwa kwenye barabara kuu, kama Nyerere au Kenyatta, ni la TANROADS. Likiwa kwenye barabara ya mtaani, ni la TARURA. Aliyejenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni anavunja Sheria ya Mazingira ya 2004, na hapo anaingia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Maji yenyewe yanayotiririka yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Na nyumba zikizama usiku, anayeitisha kamati ya maafa ni Mkuu wa Wilaya. Wote hao kwenye mto ambao kiangazi mtoto anauvuka kwa kurukaruka mawe.

Mama mmoja muuza samaki alikuja akitaka kuandika barua kwa Mkuu wa Mkoa, kwa sababu kivuko cha mbao cha kuingilia kwao kilichukuliwa na maji na watoto wa shule wanazunguka mbali. Tukakaa. Nikamuuliza: njia hiyo magari yanapita? Yalikuwa yanapita zamani, bajaji hadi sasa. Ina jina, ina namba? Hakujua. Nikamwambia aende kwa Mtendaji wa Mtaa amuulize kama barabara hiyo ipo kwenye orodha ya TARURA. Alirudi siku hiyo hiyo: ipo. Basi barua ikawa hivi. Juu kulia, anwani ya mtaa. Chini yake, Kwa Meneja wa TARURA, Wilaya ya Nyamagana. Kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Yah: Ombi la kujengewa kalvati. Aya ya kwanza jina la barabara na mahali hasa palipokatika. Aya ya pili shule gani, watoto wanapita wapi sasa. Aya ya tatu, wakazi wako tayari kutoa mawe na nguvu kazi. Saini ya mwenyekiti, mihtasari ya mkutano wa mtaa imeambatishwa. Nakala: Mheshimiwa Diwani. Nakala: Mkurugenzi wa Jiji.

Ile mihtasari ndiyo nguvu ya barua. Ombi la mama mmoja ni ombi la mama mmoja. Ombi lililopitishwa kwenye mkutano wa mtaa, likiwa na orodha ya mahudhurio, diwani anaweza kusimama nalo barazani. Kalvati liliwekwa kiangazi kilichofuata.

TARURA ilianzishwa 2017. Kabla yake barabara za mitaani zilikuwa chini ya wahandisi wa halmashauri, na diwani angeweza kumbana mhandisi kwenye kikao. Sasa ni wakala chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, inagawana tozo ya mafuta na TANROADS, wao asilimia 30 na TANROADS 70, na tangu 2021 iliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Fedha za barabara zimeongezeka, hilo nalisema waziwazi, na kazi tunaziona. Ninachotaka ni kwamba madiwani wasiachwe nje ya mazungumzo, kwa sababu mwananchi bado anamfuata diwani kumuuliza barabara.

Afya nayo imegawanyika hivyo hivyo. Zahanati na vituo vya afya ni vya halmashauri. Hospitali ya wilaya ya Nyamagana, kule Butimba, ni ya halmashauri. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hizo zilihamishwa enzi za Rais Magufuli kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya. Bugando ni ya kanda, inamilikiwa na Kanisa Katoliki kupitia Baraza la Maaskofu na kuendeshwa kwa ubia na serikali. Kwa hiyo shukrani au lalamiko la hospitali tatu zilizo ndani ya wilaya moja linakwenda kwa wenyewe watatu tofauti.

Cheti cha kuzaliwa kinawasumbua akina mama kuliko karatasi nyingine yoyote. Mama ana watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu, mwingine kumi. Wa miaka mitatu anasajiliwa na kupewa cheti bure kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, chini ya mpango wa RITA, wakala wa usajili, wa watoto wa chini ya miaka mitano. Wa miaka kumi inabidi aende bomani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye msajili wa wilaya, akiwa na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo au cha shule. Tumbo moja, nyumba moja, serikali mbili. Akishaelezwa hivyo anatabasamu, kwa sababu alidhani amekosea kitu. Hajakosea. Bomani ndiko tulikofungia ndoa pia, wale tusiofunga kanisani au msikitini, kwa hiyo njia yenyewe wengi wanaijua.

Na fedha? Mwaka 2003 kodi ya kichwa ilifutwa, nasi sote tulifurahi, maana ilikuwa inawakimbiza baba zetu vichakani. Ila halmashauri zilipoteza chanzo. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo mpangaji anailipa kila anaponunua umeme. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vikagawiwa kupitia wakuu wa mikoa na wilaya, na mwenye kitambulisho hakutakiwa kudaiwa ushuru mwingine. Wamachinga wengi walipumua, na nilikuwa nawapiga picha za kubandika. Lakini soko lilibaki la halmashauri: kufagia, taa, choo, mlinzi. Kila mara kitu kinapochukuliwa na juu kwa nia njema, chini hubaki na kazi ile ile na mfuko mwembamba zaidi, na mtaa ndio wa mwisho kabisa kwenye foleni ya mgao.

Ndiyo maana nimeandika ombi, safari hii la kwangu na majirani zangu. Tulilizungumza kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa kwenye mihtasari. Tunaomba mambo mawili. Moja, baraza liweke kwenye bajeti fungu dogo linalojulikana kwa kila ofisi ya mtaa: pango la chumba, karatasi, mashine moja ya kuchapa, na posho ya mwenyekiti inayolipwa kwa tarehe. Mbili, kila ofisi ya mtaa iwe na ubao ukutani unaosema kwa maandishi makubwa jambo gani linapelekwa wapi: maji, barabara kuu, barabara za mtaani, taka, cheti, ardhi, leseni, na namba ya ofisi husika. Ubao huo nimejitolea kuuandika mwenyewe kwa mtaa wetu, na mwenyekiti amekubali tuubandike hata kabla ya jibu.

Barua imeelekezwa kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani. Kwa Mkuu wa Mkoa hatujaandika. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na kikao ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Tarehe ikibandikwa nitaiweka hapa. Walio kwenye kata yetu na wanaotaka kwenda, waje dukani waandike majina, tukodi daladala moja tufike mapema tupate viti.